Unalala? Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya na barabara zetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Kamishna wa Bima, Mkurugenzi Mkuu wa LATRA (mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini) na Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani.

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni fundi cherehani, mkazi wa Iringa mjini. Nashona sare za shule na magauni ya vitenge, na kwa miaka kumi na sita nimekuwa nikishuka Dar es Salaam kufuata vitambaa Kariakoo. Njia hiyo naijua kama ninavyoijua meza yangu ya kukatia: unatoka alfajiri, unapita Ilula, unateremka Kitonga umeshika kiti cha mbele yako, unafika Ruaha Mbuyuni jua likiwa limeanza kuchoma.

Miaka minne iliyopita basi nililopanda lilipinduka. Tulikuwa tumesimama Ruaha Mbuyuni, kama ilivyo kawaida, watu wakanunua vitunguu kupitia madirishani. Dada aliyekaa mbele yangu alinunua nyavu mbili akazisukumia chini ya miguu yake. Tukaondoka. Hatujafika Mikumi, dereva akataka kulipita lori. Nakumbuka honi. Baada ya hapo nakumbuka nimelala ubavu, kuna uzito wa mtu begani kwangu, dizeli inadondoka tone tone mahali nisipopaona, na harufu ya vitunguu vilivyopondeka, kali, inachoma macho. Yule dada hakutoka. Sitaandika zaidi habari zake kwa sababu ana watoto, na huenda wakaisoma barua hii.

Mimi nilitolewa na kijana wa bodaboda aliyevunja kioo kwa jiwe, akanishika makwapani akanivuta. Nilimsikia akisema, "Mama usiangalie nyuma, niangalie mimi." Nitamrudia mwishoni.

Hospitali niliyopelekwa walinihudumia vizuri, na naomba hilo lijulikane. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ililetwa mpaka kitandani. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimevunjika, wakanifunga hogo. Kwenye paji la uso nilishonwa nyuzi tisa. Nilizihesabu, maana mkono wa kushona naufahamu, na yule daktari alikuwa na mkono mzuri. Siku ya sita nikaruhusiwa. Karatasi yangu ilisema hali ni nzuri, nihudhurie kliniki ya mifupa baada ya wiki sita. Nyumbani, kila aliyekuja kunipa pole alisema neno lile lile: mshukuru Mungu, umetoka mzima.

Nilimshukuru, na mpaka leo namshukuru. Ila sikuwa mzima.

Usingizi ndio uliotangulia kuondoka. Nilikuwa nikilala taa ikiwaka, na hata hivyo nashtuka saa nane usiku nikiwa nimeketi kitandani, nimeng'ang'ania mkono wa mume wangu mpaka unaacha alama. Duka langu lipo karibu na barabara. Lori likipiga honi, mkasi unaniponyoka. Mara mbili niliharibu vitambaa vya watu. Mwanangu wa kiume nilimkataza kupanda bajaji, akawa anatembea kwa miguu kwenda shule, akichelewa dakika kumi nasimama barabarani nikipiga mayowe jina lake, majirani wanachungulia.

Jumapili moja binti yangu alikaanga kitunguu. Sikumbuki nilivyonyanyuka. Nilijikuta nyuma ya mlango wa chumbani, nimekumbatia fremu, jasho linanitiririka, na magongo yangu yako sebuleni. Maana yake nilikimbia kwa mguu uliovunjika. Mtoto alikuwa amesimama na mwiko mkononi, machozi yanamtoka, ananiuliza, "Mama, nimefanya nini?" Tangu siku hiyo, kwa miezi minane, nyumbani kwetu mchuzi ulipikwa bila kitunguu.

Baba mkwe wangu akafariki ndani ya kipindi hicho. Alinipenda kama bintiye wa kumzaa. Nilikaa msibani siku tatu bila kutoa chozi, nimekauka, nawatazama wanaolia kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani. Wifi zangu waliona kiburi. Siwalaumu, hata mimi nilidhani moyo wangu umekufa.

Watu walijaribu kunisaidia kwa walichonacho. Wapo waliosema waliofia pale wamenifuata. Mama mkwe, naye akiwa na msiba wake, alinishika mkono akanipeleka kwa mchungaji, na mchungaji aliniombea kwa upole mkubwa. Naamini maombi, sitayasema vibaya. Usiku ule pia sikulala. Duka la dawa waliniuzia diazepamu, vidonge vya kutuliza, bila kuuliza swali lolote, nikazimeza wiki tatu, nikawa nazunguka kama niliyelewa na ndoto ziko pale pale. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2013, liliwaelekeza watoa huduma wasiwape watu wazima dawa za kundi hilo kwa dalili za mshtuko ndani ya mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mwongozo upo. Dirisha la duka la dawa haujafika.

Waheshimiwa, kilichoniokoa kilikuwa swali la neno moja.

Wiki ya sita nilikwenda kutolewa hogo. Muuguzi aliyekuwa anakata ile plasta, mama wa makamo, aliniangalia usoni akasema, "Mama, unalala?" Nikajibu tunavyojibu wote: "Namshukuru Mungu, sijambo." Akaweka kikatio chini. "Sikuuliza kama hujambo. Nimeuliza, unalala?"

Nililia pale pale, nusu ya mguu ikiwa ndani ya hogo na nusu nje, foleni imejaa mlangoni. Hakunikatiza. Akafunga mlango, akavuta stuli, akaniuliza mengine: ndoto, harufu, kushtuka, kukwepa njia, kukosa hisia kwa watu ninaowapenda. Alikuwa anayataja kabla sijayasema. Akanieleza kwamba hayo katika mwezi wa kwanza humpata karibu kila aliyetoka kwenye jambo la kutisha, na wengi hupona wenyewe kwa kutulia na watu wao. Yakipita mwezi na yamekaza, huo ni ugonjwa wenye jina, msongo wa baada ya kiwewe, na madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa mwaka 1980. "Hujarogwa, na wewe si kichaa," aliniambia. "Una jeraha ambalo hakuna aliyelisafisha."

Sasa tazameni kilichofuata. Mtaalamu wa saikolojia tiba aliyeweza kunipokea alikuwa Dodoma. Ili nitibiwe hofu ya basi, nilitakiwa nipande basi. Nilikwenda stendi ya Igumbilo mara tatu na tiketi mkononi, mara tatu nikarudi nyumbani. Hivyo ndivyo miezi ilivyokatika. Mwishowe yule muuguzi alipiga simu zake mwenyewe, kwa vocha yake mwenyewe, mpaka akampata mwanasaikolojia aliyekuwa akija Iringa wiki moja ya kila mwezi kwa shughuli nyingine. Nikaonana naye huko. Vikao vingine tukafanya kwa simu, nimejifungia dukani, cherehani zimezimwa.

Naomba niwaeleze tiba hiyo ilivyo, kwa kuwa wengi wanadhani ni kukaa na mtu akakubembeleza na kukwambia jipe moyo.

Vikao viwili vya mwanzo hatukugusa ajali. Alinifundisha kupumua, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na hofu inapokuja nitaje kwa sauti vitu vitano ninavyoviona. Cherehani, mkasi, rula, kalenda, kikombe. Nilivitaja mpaka watoto wakavikariri. Kikao cha tatu akaniambia nifumbe macho nisimulie ajali tangu tulipotoka Igumbilo, nikisema kana kwamba iko sasa: nimekaa kiti cha dirishani, dada wa mbele analipa vitunguu, honi inalia. Nikirekodi kwenye simu. Kisha kila siku nyumbani niisikilize rekodi hiyo mwanzo hadi mwisho, nisikimbie.

Nilimwambia waziwazi kwamba ananitesa. Hakukasirika. Alisema kumbukumbu za kawaida zina tarehe, unazifungua na kuzifunga. Hii yangu iliingia bila tarehe, ndiyo maana mwili kila ukisikia honi unadhani ni leo, na kila ninapoikwepa inabaki hivyo hivyo. Nikamwelewa kwa lugha ya kazi yangu. Nguo ikivuta begani huwezi kupitisha mshono mwingine juu yake. Lazima ufumue.

Kuna kitu nilikuwa sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Niliamini kwamba yule dada alikuwa hai nilipotoka, na kwamba nilimruka. Nilikuwa nikimwona kila usiku akinitazama. Siku moja, nadhani ilikuwa mara ya sita au ya saba kusikiliza, nikasikia sauti yangu mwenyewe kwenye simu ikisema: "Namwita, haitikii. Mguu wangu umebanwa. Nanyoosha mkono, namgusa, wa baridi." Nikaisimamisha. Nikairudisha nyuma. Nilikuwa nimeyasema kikaoni mwenyewe, na sikuwa nimeyasikia. Nilimwita. Nilinyoosha mkono. Hapo ndipo machozi ya msiba wa baba mkwe yalipotoka, na ya yule dada, na yangu, pamoja, sakafuni kwenye mabaki ya vitenge, tangu saa tisa mpaka adhana ya magharibi.

Baada ya hapo tukaandika ngazi. Kila ninachokiogopa tukakipa namba, sifuri hadi mia, tukaanza na vya chini. Kitunguu kimoja, kizima, hakijamenywa, juu ya sahani mezani, dakika ishirini, mimi nimekaa mbele yake. Wiki iliyofuata kimemenywa. Wiki iliyofuata binti yangu anakikata na mimi nimesimama kando yake. Kukaa kwenye benchi Igumbilo. Kukaa ndani ya basi lililosimama, injini ikiunguruma. Kwenda Ilula na kurudi, mume wangu kiti cha pembeni. Halafu kwenda Ilula na kurudi peke yangu.

Vikao vilikuwa 11. Ajali sijaisahau na sitaisahau. Tofauti ni kwamba sasa ni jambo lililotokea; zamani lilikuwa linatokea.

Kila kikao kilikuwa shilingi 30,000. Jumla 330,000. Sikuwa na bima ya afya, kama mafundi wengi wa mitaani tusivyokuwa nayo, nikauza mashine yangu ya ovaloki. Mpaka leo nguo zangu napeleka kwa mwenzangu amalizie pindo, namlipa. Mwenye basi alikuwa na bima ya lazima ya gari, na baada ya mwaka na miezi ya kuzungushwa nililipwa. Waliniomba risiti za mguu na risiti za paji la uso. Nilipotoa risiti za ushauri nasaha, kijana wa mapokezi alizirudisha upande wangu wa meza kwa kidole, akasema, "Hizi hazihusiki na ajali, mama."

Kamishna wa Bima, kama hizo hazihusiki na ajali, zinahusika na nini? Naomba utoe maelekezo ya maandishi kwa kampuni zote kwamba tiba ya kiwewe iliyothibitishwa na mtaalamu ni sehemu ya matibabu ya majeruhi, inalipwa kama inavyolipwa picha ya mfupa. Na Waheshimiwa Mawaziri, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kitita cha huduma zinazolipwa na bima hiyo kinapopangwa na kupangwa upya, vikao hivi viwemo kwa idadi inayotosha kumaliza tiba. Ukimpa mtu vikao viwili, ukamwacha kwenye kile cha tatu akiwa amefumuliwa, bora usingemgusa.

Najua jibu litakalotangulia: wataalamu hawatoshi. Ni kweli hawatoshi. Lakini nchi hii imewahi kukabili jambo kama hili na ikaliweza. Neno ushauri nasaha tulilijua wapi? UKIMWI ulipotumaliza, hatukusubiri kila wilaya ipate profesa. Wauguzi walifundishwa, vituo vya Angaza vikafunguliwa, mtu akaketi na mwenzake chumbani kabla ya kupima na baada ya kupima, vijijini, kwa Kiswahili. Dada yangu mkubwa alipokea majibu yake hivyo, na namna alivyoambiwa siku ile ndiyo iliyomfanya anywe dawa mpaka leo ana wajukuu.

Na kwa kiwewe hasa, ushahidi uko humu humu kwetu. Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, watafiti waliwafundisha watu wa kawaida, wasio wanasaikolojia, kutoa tiba ya kuzungumza inayolenga kiwewe kwa watoto waliofiwa na wazazi. Watoto 640 waliingia kwenye utafiti huo, matokeo yakachapishwa 2020, na dalili zilipungua, ingawa si kwa kiwango kimoja kila mahali. Kwenye mitaa ya pembezoni mwa Nairobi wahudumu wa afya ya jamii walikaa vikao vitano na wanawake waliopitia ukatili, utafiti wa wanawake 421, uliochapishwa 2017, na wanawake walipata nafuu. Uganda, kwenye makazi ya Nakivale, wakimbizi walifundishwa kuwatibu wakimbizi wenzao kwa kuwasaidia kusimulia maisha yao tangu mwanzo, mabaya na mazuri, kwa mpangilio. Kama mkimbizi aliyefundishwa vizuri aliweza kumtibu mkimbizi mwenzake chini ya turubai, muuguzi wa hospitali ya wilaya anashindwaje?

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao ndio wanaoingia majumbani. Wanauliza chandarua, wanauliza choo, wanauliza mtoto amechanjwa. Waongezeeni swali moja: kuna mtu humu amepata ajali, moto, kuvamiwa au kufiwa ghafla? Analala? Na wajue pa kumpeleka akijibu hapana. Kwenye hospitali ya wilaya awepo walau muuguzi mmoja au tabibu mmoja aliyefundishwa tiba hii, mwenye chumba chenye mlango, na mwanasaikolojia wa mkoa au kanda wa kumsimamia kwa simu. Msimamizi huyo ni wa lazima. Siombi watu wafundishwe siku tatu, wapewe fulana na cheti, kisha waachwe peke yao na vidonda vya watu.

Na ile karatasi ya kuruhusiwa. Ongezeni mstari mmoja. Mgonjwa wa ajali arudi baada ya wiki sita, na kabla hajaguswa mfupa aulizwe swali lile. Gharama yake ni wino.

LATRA, ninyi mmefunga mfumo kwenye mabasi unaowaonyesha basi liko wapi na linakwenda kasi gani. Ni kazi njema, imeokoa watu. Lakini dereva aliyetoka kwenye ajali mbaya, akamaliza mambo ya polisi na kurudi kwenye usukani, mnajua analala saa ngapi? Utingo wa basi letu alitoka na michubuko tu. Ni kijana wa mtaa wa pili kutoka kwangu. Ndiye aliyesaidia kupanga maiti kando ya barabara. Alirudi kazini baada ya wiki mbili kwa sababu ana watoto wawili. Sasa hivi hayuko kazini. Ukitaka kumwona nenda kwenye ulanzi asubuhi, kabla hata haujachacha vizuri. Watu wanamwita mlevi. Namfahamu tangu akiwa mdogo, alikuwa haonji. Nawaomba muwawekee sharti wenye mabasi: baada ya ajali yenye vifo, dereva na utingo wapumzishwe kwa malipo na waonwe na mtu wa afya ya akili kabla ya kurudishwa barabarani. Kamanda wa Usalama Barabarani, na askari wako pia, na wa Zimamoto. Wao wanaikuta ajali ya kwangu Jumatatu, ya mwingine Alhamisi.

Hapohapo, Kamanda, nina ombi dogo ambalo kwangu si dogo. Picha yangu nikiwa nimelala kwenye majani, gauni limepanda, damu usoni, niliiona kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule ya mwanangu. Askari anapofika eneo la ajali, pamoja na kuzuia magari, azuie simu.

Nchi yetu inajua kulia pamoja. Tulilia MV Bukoba Mei 1996. Tulilia watoto wa shule ya Lucky Vincent pale Karatu, tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi 32 na walimu wawili na dereva wao. Tulilia MV Nyerere Septemba 2018, tukalia moto wa lori la mafuta Morogoro Agosti 2019, tukalia Kariakoo ghorofa lilipoanguka Novemba 2024. Bendera zinashuka, rambirambi zinachangwa, viongozi mnafika, na kufika kwenu kunatupa nguvu, msidhani hatuoni. Ninachoomba ni miezi sita baadaye. Watoto waliobaki darasani na madawati matupu. Wavuvi wa Ukara, ilikozama MV Nyerere, waliovuta miili kwenye mitumbwi yao ya kuvulia samaki, wakatakiwa kesho yake warudi ziwani. Liwepo jina la mtu, ndani ya kila mkoa, ambaye kazi yake ni kuwarudia hawa, na tulijue.

Kuna jambo moja zito nalitaja kwa ufupi. Katika ile miezi, kulikuwa na usiku ambao sikutamani asubuhi ifike. Kwa muda mrefu sikumwambia mtu, na sababu mojawapo ni kwamba nilijua kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Mtu anayehitaji daktari anaogopa polisi. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikasema kinakwenda kinyume na Katiba. Mheshimiwa Waziri wa Afya, wewe ndiye mwenye sauti ya kulipeleka hilo Bungeni kama suala la tiba. Na kwa anayesoma hapa akiwa kwenye usiku wa namna hiyo: mwambie mtu mmoja, leo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilimwambia muuguzi, na alinishika mkono.

Nilisema nitamrudia yule kijana wa bodaboda.

Ngazi ya mwisho kwenye karatasi yangu, ile ya mia, ilikuwa kufika mahali penyewe. Nilikwenda mwaka jana mwezi wa saba, na mume wangu. Tuliteremka Kitonga nimefumbua macho. Ruaha Mbuyuni nilinunua vitunguu, wavu mmoja, nikaupakata mapajani. Tukashuka kituo kilicho karibu, tukaulizia, na kwa kuwa kijijini mambo hayapotei, nusu saa hazikupita akaja na pikipiki yake. Sikumkumbuka sura. Nilimkumbuka sauti.

Aliniamkia, "Shikamoo mama," akacheka kwa haya, akasema hakujua kama nilipona. Tulikaa chini ya mbuyu, tukanunuliwa soda. Aliniambia siku ile aliwatoa watu watano, na wa sita ilikuwa mtoto. Hakumalizia. Alikuwa akizungusha kizibo cha soda kati ya vidole, anazungusha, anazungusha. Nikamwona vile nilivyokuwa mimi.

Nikamuuliza, "Mwanangu, unalala?"

Akatazama barabarani muda mrefu. Lori likapita, mabega yake yakapanda.

"Nawasha redio, mama," akasema. "Nikiizima namsikia."

Kutoka pale mpaka kwa mwanasaikolojia niliyemfahamu ilikuwa safari ya siku nzima. Nilimpa namba ya yule muuguzi wa Iringa, ambaye sasa anampigia kijana huyo, na sisi wengine, kwa vocha yake mwenyewe, saa za usiku, baada ya zamu. Nasubiri majibu yenu ili nimpe kijana namba nyingine.

Wenu mtiifu,
Fundi cherehani, Iringa